Nilihesabu Mpaka Kumi

Sista Wilkista alipofariki, watoto wake walinipa dakika tatu. Ndivyo mazishi yalivyo siku hizi: kuna ratiba iliyopigwa chapa, kuna mtu wa kushika saa, na wanasiasa ambao hawakumjua marehemu wanapewa nusu saa kila mmoja. Mimi niliyefanya kazi chini yake miaka kumi na minne niliwekwa kati ya mwakilishi wa wastaafu na jirani aliyekuwa akimletea maziwa. Sikulalamika. Nilisimama, nikasema Sista alikuwa mkali na mwenye haki, nikasema sikuwahi kumwona ameketi wakati sisi tumesimama, watu wakaitikia, nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki. Sikutoa hata chozi, na najua wapo waliolitazama hilo. Maneno niliyokuwa nayo hayakuwa ya dakika tatu. Yalikuwa ya mwaka mmoja tuliofanya kazi pamoja nikiwa bado msichana, na ya swali ambalo nilipaswa kulipeleka kwa mtu fulani, nami nikashindwa kulipeleka. Kila Desemba Sista alinipigia simu, na kabla hajauliza habari za magoti yangu aliuliza kwanza, "Umekwenda Usenge?" Nami nilijibu, "Bado, Sista." Naye alisema, "Haya." Hakuwahi kunigombeza. Hiyo "haya" ilitosha. Desemba hii simu hiyo haitalia, na ndiyo maana sikuweza tena kuahirisha.

Habari za kwetu na za shule nitaziruka; hazina tofauti na za wasichana wengine wa Maragoli waliobahatika kusomea unesi miaka ile ya themanini ikielekea kwisha. Nitaanzia Kaloleni, mjini Kisumu, kwenye chumba nilichopanga kwenye nyumba za zamani za baraza la mji. Kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, na ukuta ambao haukufika juu. Kati ya kichwa cha ukuta na mabati palikuwa na nafasi ya kupitisha mtu, na maneno yote ya majirani yalipita hapo bila kulipa kodi. Upande wa pili aliishi fundi wa kuchomelea vyuma na mkewe. Walibishana kila siku juu ya mboga: mrenda umekolea magadi, mrenda haukukolea magadi. Mimi Dholuo, lugha yao, nilijifunza kwa ukuta ule. Kwanza nilijua maneno ya hasira, kisha ya chakula, na mwishowe ya msiba. Jambo moja tu sikuwahi kuwasikia wakibishania. Jioni moja mke alikuwa akisimulia habari za mjomba wake aliyegongwa na gari, jinsi alivyolala barabarani tangu asubuhi mpaka mchana bila hata gazeti la kumfunika, na watu wanapita. Mume aliacha kula. Nilisikia kijiko kikiwekwa. Akasema hilo ni jambo baya kuliko kufa kwenyewe. Niliyasikia maneno hayo nikiwa nageuza chapati, na sikuyatia maanani. Nilidhani ni ya kwao tu.

Wakati wa mvua ndefu, karibu saa tano asubuhi, lori lililobeba wanawake wa sokoni liligongana na basi upande wa Awasi. Hospitali tuliyofanyia kazi sitaitaja, waliokuwapo wanaijua. Chumba cha majeruhi tulikiita kazualti kama kila mtu, na siku hiyo tulikuwa manesi wanne, daktari mmoja, na Sista Wilkista. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, kofia yake imenyooka, na sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Polisi walikuwa wamepiga simu kwamba watu ni wengi. Sista akatoa wagonjwa wa kutembea kwenye vitanda, akapanga machela mlangoni, akapanga dripu, akatupanga na sisi. Gari la kwanza likaingia. Lilikuwa pikapu ya mzee mmoja wa kanisa, na nyuma walikuwa watu watano wamefunikwa leso. Walikuwa wamelazwa vizuri, miguu pamoja, magunia yaliyokunjwa chini ya vichwa. Mtu fulani alikuwa amewafunga taya kwa vitambaa. Wote watano walikuwa wamekufa.

Sista alifunua mmoja baada ya mwingine, akawafunika tena. Akamgeukia yule mzee, ambaye alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Mzee, wengine wako wapi?"

"Wengine wako huko barabarani, Sista. Wale bado wanaongea."

"Wanaongea?"

"Ndiyo. Wale wanaweza ngoja kidogo. Hawa hatungeacha kwa jua. Watu wanapita wanaangalia tu, Sista. Si vizuri."

Walio hai walikuja karibu saa nzima baadaye, kwenye tela ya trekta iliyokuwa imebeba miwa. Miongoni mwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa sweta, na sweta ilikuwa imelowa ikawa nzito. Aliniambia jina lake, akaniambia anafundisha darasa la nne, akaomba maji. Nilikuwa nakata kamba za kiatu chake alipoacha kuongea. Nilimwita kwa jina lake mara tatu, nimeshika makasi mkononi kama mjinga. Alikuwa ameongea barabarani muda wote huo, na kwa sababu alikuwa anaongea, waliona anaweza kungoja.

Nilijua Sista atamrarua yule mzee. Nilitaka amrarue. Badala yake alimwendea pale nje chini ya ukingo wa paa, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Umewafunika vizuri, Mzee. Asante." Kisha akaingia stoo. Nilipomfuata kuchukua bandeji nilimkuta anapiga gunia la pamba mateke, kofia imekaa upande. Aliponiona hakuacha mara moja. Alipiga teke jingine, akavuta pumzi, akarekebisha kofia. "Yule mzee hana kosa," akasema. "Nani amewahi kumwambia? Sisi tunakaa hapa tunangoja watuletee. Wao ndio wa kwanza kufika, Jentrix, na hakuna aliyewaambia kitu."

Kuanzia wiki ile, siku zetu za mapumziko zilikwisha. Sista alipata ruhusa ya kutumia Land Rover kuukuu ya hospitali siku za Jumamosi, na mimi, kwa kuwa sikuwa na mume wala mtoto wa kunitetea, nikawa msaidizi wake. Tulikwenda makanisani, kwenye baraza za machifu, sokoni. Alikuwa amechukua blanketi jekundu la wodini lililochakaa akalichana vipande vyembamba. Somo lake lilikuwa fupi. Anayelia ana nguvu ya kulia, huyo atangoja. Aliye kimya na anapumua, au anayetoka damu nyingi, mfunge kitambaa chekundu mkononi, huyo ndiye wa kwanza kupanda gari. Asiyepumua, weka shavu karibu na mdomo wake, angalia kifua, hesabu mpaka ishirini. Usihesabu haraka. Kifua kisipopanda, mwache bila kitambaa, nenda kwa mwingine. Watu walisikiliza vizuri, wakatikisa vichwa, mpaka alipofika kwenye neno "mwache." Hapo nyuso zilifungwa. Hawakubisha, kwa maana watu wa huku hawapendi kumuaibisha mgeni, lakini nilikuwa nimeishi na ukuta wa Kaloleni vya kutosha kujua kwamba hawatafanya hivyo hata siku moja.

Aliyebisha alikuwa mwanamke wa Usenge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Tulikuwa kwenye banda la kupimia samaki, nje omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa juu ya nyavu kuukuu mpaka macho yanauma kwa mng'ao, na harufu imeingia hadi kwenye nywele. Alikaa mbele kabisa juu ya beseni lake lililofudikizwa. Wenzake walimwita Min Ochieng', mama yake Ochieng', kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama desturi ya huko ilivyo. Sista alipofika kwenye "mwache," mwanamke huyo alinyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Sista, huyo umeacha, anabaki na nani?"

"Atangoja, mama. Gari litarudi kumchukua."

"Anangoja na nani? Mbwa iko hapa. Watu wa kuangalia wako hapa. Unataka niache mtoto ya mtu chini hapo kama omena?"

Banda zima lilicheka, lakini si cheko la furaha. Sista alitazama vitambaa vyekundu mkononi mwake. Kisha akasema taratibu, "Na kama mtu mmoja akikaa naye?"

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Mtu wa heshima. Anawafunika, anakaa nao, hakuna mtu wa kuwachezea. Wengine wote wabebe wale wanaopumua."

"Anakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wa mwisho anayepumua aondoke."

Min Ochieng' aliwatazama wenzake. Wakanong'ona kwa Dholuo, nikashika neno hapa na pale. "Hiyo inaweza," akasema. Lakini Sista hakuwa amemaliza. Alisema huyo anayekaa asipige nduru. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kwa asiyejua, nduru pale ufukweni si kilio cha mtu mmoja tu. Ni mwito. Ukiisikia unatupa ulichoshika unakimbia kwa aliyeipiga, na asiyekimbia atakumbukwa. Kumwambia mtu akae na maiti bila kupiga nduru ni kumwambia amfiche aliyekufa. Sista aliwaacha waseme mpaka wakachoka. "Sikatazi," akasema. "Nasema ingoje. Ukipiga nduru wote watakuja kwako. Watawaacha wale barabarani, na wale watakufa. Ukimaliza kungoja, lia mpaka Uganda wasikie."

"Hiyo ni ngumu, Sista," akasema Min Ochieng'.

"Najua, mama."

"Basi wewe mwenye maswali, kaa wewe!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. Min Ochieng' naye akacheka, akapiga beseni lake kofi. "Sawa. Nitakaa mimi." Hivyo ndivyo alivyochaguliwa, kwa mzaha. Tangu siku ile, kila tulikokwenda, Sista alifundisha kwamba lazima awepo mtu wa kukaa, na nyuso hazikufungwa tena. Mpango ule watu huusifu siku hizi kana kwamba ulitoka kwenye kitabu. Ulitoka kwa muuza omena.

Mwezi wa kumi tulirudi Usenge kukumbushia somo. Tulipomaliza, Min Ochieng' alikataa katakata tuondoke na njaa. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja kikubwa, sakafu imesiribwa upya, viti vya mbao vimevishwa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, na ukutani kalenda ya miaka mitatu nyuma ambayo aliiweka kwa ajili ya picha. Alitupikia omena kwa nyanya na ugali wa mtama mweusi. Tulikuwa tumeanza kunawa wakati Ochieng' alipoingia. Alikuwa mtu mzima, ana mke na nyumba yake mwenyewe hapo hapo bomani, mpakiaji wa magunia kwenye lori la wanunuzi wa samaki. Alivaa sweta ya kijani iliyotoboka viwiko. Alisalimia kwa heshima, akamega tonge akiwa amesimama.

"Kaa chini ukule kama mtu," mama yake akamwambia.

"Lori inatoka, Mama. Watu wako juu tayari." Akaitazama sahani yangu. "Nyar Maragoli, unakula na kichwa yake? Sasa wewe ni mtu wa hapa."

Nyar Maragoli, binti wa Maragoli. Toka siku ile mama yake hakuniita tena kwa jina jingine. Nilikuwa kweli nakula vichwa, kwa sababu niliona aibu kuvibagua. Akatoka anacheka, tonge la pili mkononi. Hatukuwa tumemaliza kula tuliposikia lori likipanda kilima kutoka ufukweni, gia ikilia, halafu likanyamaza, halafu ukasikika mshindo, na baada ya mshindo kimya kifupi ambacho mpaka leo sipendi kukikumbuka.

Tulikimbia. Lori lilikuwa limelala ubavu kwenye kona, nusu nje ya barabara, na magunia ya omena yamepasuka, barabara nzima imekuwa nyeupe kwa samaki. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamepanda juu ya magunia yale. Wengine waliketi wakitazama mikono yao. Wengine walilia. Sista hakumgusa majeruhi hata mmoja. Alipanda juu ya kreti ya samaki na kuanza kuita. Mwanamume mwenye baiskeli akatumwa kwa chifu, penye redio ya polisi, awaambie Kisumu waandae vitanda na damu. Wanunuzi wawili waliokuwa na pikapu wakaambiwa wamwage samaki. Watu wa ufukweni walipofika wanahema aliwagawa makundi kwa makundi, wabebaji huku, wa kushika vidonda huku, wanaume wa kuzuia magari kule. Na watu wale walifanya kama walivyofundishwa. Nitasema hivyo popote. Hakuna aliyekimbilia maiti.

Mimi nilipewa vitambaa. Nilianzia kwa walio karibu na magurudumu, na wa tatu alikuwa sweta ya kijani. Alilala chali, macho nusu wazi, omena wachache shingoni. Sikuona jeraha kubwa, na hilo ndilo lililonitesa baadaye, kwamba sikuona jeraha. Nilipiga magoti. Nikashika shingo, nikaweka shavu karibu na mdomo uliokuwa bado unanuka nyanya, nikaangalia kifua. Moja. Mbili. Tatu. Nilihesabu taratibu, nilijitahidi. Nilipofika kumi, mwanamke alinishika aproni kwa nyuma akanivuta kwa nguvu zake zote. Mumewe alikuwa hatua tatu kutoka pale, damu inaruka kutoka pajani kila moyo ukipiga. Niligeuka. Nilikandamiza paja lile kwa ngumi, nikafunga kwa mkanda wa mtu, nikamfunga kitambaa chekundu, nikapiga kelele waje wambebe. Kisha mwingine akaniita, na mwingine. Sikurudi kumalizia zile kumi zilizobaki.

Nilipopata nafasi ya kuangalia nyuma, Min Ochieng' alikuwa amefika. Alikuja na leso mbili na gunia safi, kama tulivyokubaliana, mtu aliyekuja kufanya kazi aliyopewa. Waliokufa walikuwa watatu, na walikuwa karibu karibu. Alimfunika wa kwanza, mgeni asiyemjua, akamrekebisha miguu. Akamfunika wa pili. Halafu akafika kwa wa tatu. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu mikononi na sikuweza kuondoka. Nilimwona akisimama wima. Wanawake wenzake waliokuwa wakibeba machela ya mbao waliona pia, maana walimjua Ochieng' tangu akiwa mgongoni, nao wakasimama. Kila mmoja wetu alingoja nduru. Ingekuja, tungekwisha; ufukwe mzima ungekuwa pale alipo, na waliokuwa na vitambaa vyekundu wangebaki barabarani kwenye omena. Alifungua mdomo. Kisha akashika pindo la leso aliyojifunga, akalijaza kinywani, akaketi chini. Akamtandika mwanawe gunia chini ya kichwa. Akamshika mkono.

"Endeleeni!" Sista akapaza sauti kutoka kwenye kreti, na sauti ile ya ng'ambo ya mto ilikatika katikati. "Endeleeni na kazi!"

Tuliendelea. Wenye vitambaa vyekundu walikwenda na Land Rover na pikapu ya kwanza. Nilitaka kupanda na yule wa paja, nilikuwa tayari na mguu mmoja ndani, kwa sababu nilitaka kuwa popote ila pale. Sista alinishusha kwa kola. "Anayepanga hapandi gari," akaniambia. Tukabaki. Magari yakaja, yakajaa, yakaondoka. Wa mwisho alikuwa mzee aliyevunjika mfupa wa bega, ambaye alikataa kuondoka mpaka kofia yake ipatikane, na watu watatu wakaitafuta kwenye samaki mpaka wakaipata. Muda wote huo, kila nilipoinua kichwa nilimwona mama yule, ameketi wima, leso kinywani, mkono wa mwanawe ndani ya mkono wake. Vumbi la gari la mwisho lilipotulia, alitoa leso kinywani.

"Nyar Maragoli," akaniita. "Wote wameenda?"

"Wote wameenda, mama."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

"Sasa naweza?"

Nilimtafuta Sista kwa macho. Alikuwa ametugeuzia mgongo, amefunika uso kwa kofia yake. Hakukuwa na mtu wa kumjibu ila mimi, msichana wa miaka ishirini na mitatu niliyeishia kumi. "Ndiyo, mama," nikasema. Aliulaza ule mkono kifuani pa mwanawe, akasimama, akavua kitambaa cha kichwa, akafunga leso upya kiunoni. Kisha akapiga nduru. Sijawahi kuisikia nyingine kama ile. Wanawake walitupa mbao za machela wakakimbia, wanaume wakakimbia, watu wakatoka majumbani na mitumbwini, na mimi pia nilijikuta nimekimbia.

Jumatatu yake nilimwambia Sista ofisini kwake. Alikuwa ameagiza chai na mandazi, na mandazi yalikaa pale mpaka yakapoa. Nilimwambia nilihesabu mpaka kumi tu. Nilimwambia sikuona jeraha. Niliuliza kama inawezekana kwamba ile ya kumi na tano, au ya kumi na nane, kifua kingepanda. Nilitaka aniambie haiwezekani. Ningemwamini, nilimwamini kwa kila kitu. Alisukuma kikombe changu karibu.

"Ningeweza kukuambia la kukufurahisha," akasema. "Lakini mimi sikumshika mkono. Muulize aliyemshika."

Sikuthubutu. Siku ya mazishi nilikaa nyuma, nikaondoka mapema. Mwaka ule ukaisha, nikahamishiwa wodi nyingine, kisha nikarudi kazualti, kisha kiti cha Sista kikawa changu. Nimefundisha manesi wengi kuhesabu mpaka ishirini, na wapo watakaosoma hapa na kukumbuka nilivyowapigia kelele walipoishia kumi na tisa. Walidhani ni ukali nilioukopa kwa Wilkista. Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume, na katikati ya mambo hayo yote, nikiwa naosha vyombo au nikiwa kanisani, nilijikuta nahesabu kuanzia kumi na moja. Nilimwogopa mama yule kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu. Niliogopa kwamba anajua.

Wiki moja baada ya kumzika Sista, nilikwenda Usenge. Barabara ni ya lami sasa. Min Ochieng' bado yupo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yamefifia, anaishi na mke wa Ochieng', ambaye naye amezeeka. Nilipobisha hodi alinijua kwa sauti. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili. Nikamwambia Sista ametutoka, akainamisha kichwa, akasema yule alikuwa mtu. Mkaza mwana akaleta omena na ugali. Nilinawa, lakini sikula. Nilimwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa: shingo, shavu, kifua, yule mwanamke aliyenivuta aproni.

"Kumi?" akauliza.

"Kumi, mama. Ilikuwa ishirini. Mimi niliishia kumi."

Nje mtu alikuwa akigeuza omena kwa fagio, nikasikia fagio likienda na kurudi.

"Huyo wa mguu, aliishi?"

"Aliishi. Alizaa wengine wawili baada ya pale."

Akatikisa kichwa polepole, kisha akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu. Aliushika vile vile, nadhani, kama alivyoushika ule. Mwingine akauweka wazi juu ya kifua changu.

"Niliweka hivi," akasema. "Kutoka nimekaa hapo, mpaka yule mzee amepata kofia yake. Sikutoa. Nilikuwa namwambia kwa roho, pumua, uharibu kazi ya hawa watu, pumua tu." Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi. "Nyar Maragoli, kama angepumua hata moja, unafikiri mimi ningenyamaza? Ungenisikia."